Seremala na randa, mhunzi na nini? Kasoro katika maswali ya ulinganifu wa maneno

JUMAMOSI iliyopita nilikuwa mtaani Ziwani, Nairobi, kwa jamaa yangu, mtoto wake wa Gredi ya Sita aliponiletea karatasi ya mazoezi ya Kiswahili. Swali lililomkera lilikuwa hili: "Seremala ni kwa randa, mhunzi ni kwa ____." Majibu yalikuwa manne: A. msumeno, B. nyundo, C. fuawe, D. makaa. Mtoto alichagua nyundo, akakosolewa kwa kalamu nyekundu. Mtungaji alitaka fuawe.

"Lakini anko, si fathe hushinda na nyundo?" akaniuliza. Baba yake hufua masanduku ya bati katika jua kali ya Kamukunji, na fuawe yake ni kipande cha reli.

Nilimwambia nitalifikiria. Leo namjibu hadharani: yeye ndiye aliyepata. Aliyekosa ni mtungaji.

Maswali ya ulinganifu wa maneno si mageni. Waliojiandaa kwa KCPE, mtihani ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, wanayakumbuka katika vitabu vya marudio. Hata Aristotle alieleza ulinganifu wa namna hii alipozungumzia sitiari: uzee katika maisha una nafasi ileile iliyo nayo jioni katika siku. Kinachopimwa hapo ni uhusiano, si neno moja moja.

Basi mwanafunzi alitatue vipi swali kama hili? Kwanza, aunde sentensi fupi inayoziunganisha istilahi mbili za mwanzo. Pili, aitumie sentensi hiyohiyo kwa jozi ya pili bila kuibadilisha. Tatu, majibu mawili yakifaa, aikaze sentensi mpaka moja lianguke.

Tujaribu. "Seremala hutumia randa." Mhunzi hutumia nyundo, hutumia fuawe, hutumia hata makaa. Sentensi imelegea mno, tuikaze: "Seremala hushika randa, akalainisha mbao kwayo." Mhunzi hushika nini, akafua chuma kwacho? Nyundo. Fuawe haishikwi, hukaa chini, chuma kikawekwa juu yake. Mwenzake fuawe kwa seremala ni ile meza anayopigia randa. Makaa nayo ni ya kupasha chuma moto, na msumeno ni wa seremala mwenyewe.

Mtego huu, kwa maoni yangu, umefichwa na sarufi yetu. Kauli ya kutendea hubeba maana zaidi ya moja. Twasema "kisu cha kukatia nyama" na pia "ubao wa kukatia nyama". Kitenzi ni kilekile, ila kisu ni ala na ubao ni mahali. Vivyo hivyo, nyundo ni ya kufulia chuma, na fuawe ni ya kufulia chuma. Anayetaka kuzitenganisha aulize: ni *kwa* kitu hiki, au ni *juu ya* kitu hiki? Mtungaji hakuuliza.

Kasoro ya pili ni huo muundo "ni kwa". Huu ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Mswahili hasemi "seremala ni kwa randa", na hata akisema, uhusiano haujulikani: ni ala, ni mahali, ni zao la kazi? Lugha yetu inaweza kuuliza waziwazi: "Seremala hupiga randa mbao, mhunzi hufua chuma kwa nini?" Hapo fuawe isingepata pa kujificha.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Nashuku fuawe ilipewa alama kwa kuwa ni msamiati adimu. Nyundo inajulikana na kila mtu, kwa hiyo ikaonekana rahisi mno kuwa sahihi. Sipingi watoto kufundishwa neno fuawe. Ni neno zuri, na wa Ziwani anastahili kulijua. Lakini akitaka kupima msamiati, mtungaji aulize jina la kifaa anachofulia mhunzi chuma juu yake. Asiseme anapima fikra kisha akatuza kukariri.

Wamarekani waliondoa maswali haya katika mtihani wa SAT mwaka 2005. Mimi sidai tuyafute. Vitendawili vyetu vimejengwa juu ya ulinganifu uohuo, na mtoto anayevitegua ananoa akili. Ninachodai ni kwamba mtungaji alitegue swali lake mwenyewe kabla ya kulichapisha, na mwalimu anayesahihisha amuulize mwanafunzi sababu kabla ya kuchora mkasi.

Mtoto yule aliona kazi ya baba yake, akailinganisha na ya seremala, akapata jibu. Tukimwambia amekosa, tunamfundisha asiyaamini macho yake. Arudishiwe alama yake.