Butoni ya Sport haijui matope ya Kadutu

Bandugu, nakubaliana nanyi kwa jambo moja: ukifinya butoni ya Sport, motoka inaamka. Lakini kwa kawaida moteri haijaongezewa nguvu hata kidogo. Kompyuta inafungua mafuta haraka mguu ukigusa tu, na inakawia kubadilisha vitesi. Njo ile mnaita nguvu.

Barabara inashikwa na pine, si na butoni. Pine ikianza kuzunguka bure, kuna mfumo unaopunguza nguvu ya moteri ao kufunga freni ya gurudumu lile. Kwa motoka zingine, Sport inauchelewesha mfumo huo, ili shofere afurahie kona kavu. Sasa hapa Bukavu, mwezi wa Novemba, kona kavu iko wapi?

Juzi kisha mvua, rafiki yangu alipanda Kadutu na Sport. Alifinya kidogo tu: magurudumu yakazunguka, motoka ikachepuka kuelekea mfereji, pale mama mmoja alisimama na beseni la ndizi. Alipona kwa hatua moja.

Butoni haina kosa. Ilitengenezewa barabara zingine. Mvua ikinyesha, izime, finya polepole. Na kabla ya kujigamba, angalia pine zako.