Ngozi ya Papa kwenye Theluji ya Pragelato

Papa akishushwa pale Deep Sea, hapa Tanga, kabla kisu hakijamfikia, mpitishe kiganja mgongoni kutoka kichwani kwenda mkiani. Mkono unateleza kama juu ya kitambaa kilicholowa. Sasa urudishe, kutoka mkiani kwenda kichwani. Hauendi. Ukilazimisha utachubuka. Samaki ni yuleyule na ngozi ni ileile. Kilichobadilika ni mwelekeo tu.

Hilo nalijua tangu utotoni, lakini sikudhani kama siku moja ningelihitaji kueleza mbio za kwenye theluji. Februari 2026, Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliporudi Italia, safari hii Milano na Cortina, tulikuwa barazani hapa Makorora, mimi na mpwa wangu, tukitazama picha kwenye simu yake. Kijana akafukua mpaka akaibuka na mbio za zamani: Nagano, Japani, tarehe 12 Februari 1998. Mkenya Philip Boit anaingia mwisho, mpinzani wa karibu haonekani mbele wala nyuma, na watu wanamshangilia kama bingwa.

"Mjomba, mkimbiaji mzima wa Eldoret anaachwaje dakika 20 kwenye kilomita 10?"

"Kwani alikuwa anakimbia?"

"Si miguu ileile, mjomba?"

Miguu ileile, naam. Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Jibu refu ni hili.

Tuanze na hesabu. Mshindi wa Nagano, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25.5, akawa wa 92, wa mwisho kati ya waliofika. Wakati huo rekodi ya dunia ya kukimbia mita 10,000 ilikuwa mikononi mwa Mkenya mwenzake, Paul Tergat: dakika 26 na sekunde 27.85, aliyoiweka Brussels Agosti 1997. Ziweke namba hizo pamoja. Dæhlie, juu ya mbao mbili nyembamba, akipanda na kushuka vilima kwenye theluji iliyolowa, hakuzidisha hata dakika moja juu ya muda wa binadamu aliyekuwa na mbio kuliko wote kwenye uwanja tambarare. Skii basi ni chombo kama vyombo vingine. Anayekijua humbeba, na asiyekijua hukibeba yeye.

Boit alikibeba. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mpwa wa Mike Boit aliyepata medali ya shaba ya mbio hizo Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimgharamia yeye na mwenzake Henry Bitok kwenda Finland kujifunza skii za masafa, naye hakuwa amewahi kukanyaga theluji. Miaka miwili baadaye akasimama kwenye mstari wa Olimpiki na watu waliovalishwa skii tangu utoto wao. Pumzi hakupungukiwa. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Makorora tungehema kwa kupanda ngazi tu kule. Moyo hakupungukiwa pia. Dakika zake 20 zilipotelea chini ya unyayo, na hapo ndipo pa kutazama.

Skii ya masafa haikunyooka kama ubao wa seremala. Ukiilaza sakafuni, ncha ya mbele na ya nyuma zinagusa chini, katikati imeinuka kama mgongo wa upinde. Mpwa wangu hakunielewa mpaka nilipochukua rula yake ya plastiki, nikaipinda kidogo na kuilaza juu ya saruji ya baraza huku nimeishika ncha zote mbili.

"Bonyeza katikati."

Akabonyeza kwa kidole, tumbo la rula likagusa saruji. Akaachia, likainuka.

Basi sehemu ile ya katikati, chini ya mguu, hupakwa nta ya kushika. Ncha mbili hupakwa nta ya kuteleza. Mtu akisimama kwa miguu yote miwili, uzito wake unagawanyika na katikati haishiki theluji sawasawa, kwa hiyo anateleza. Akiuweka mwili wote juu ya mguu mmoja na kuukandamiza chini kwa ghafla, upinde unalala, nta inauma chembe za theluji, na skii ile inasimama papo hapo. Kwa muda usiofikia kupepesa jicho amepata mahali pa kujisukumia. Anasukuma, uzito unahamia mguu wa pili ambao tayari uko mbioni, na upinde wa kwanza unainuka tena. Mbele inateleza, nyuma inashika: ngozi ya papa. Zipo hata skii zisizohitaji nta ya kushika, zilizochongwa magamba upande wa chini, na watu wa kaskazini tangu zamani walikuwa wakibandika ngozi ya mnyama yenye manyoya yaliyolalia nyuma. Akili ni moja.

Sasa mlete mkimbiaji. Mwili wake umefundishwa maisha yote kusukuma ardhi wakati mguu umekwisha kupita nyuma. Ardhi inamngoja, maana udongo wa Eldoret hauna haraka. Skii haingoji. Mkandamizo unatakiwa uje mapema, miguu inapopishana chini ya nyonga, na uelekee chini zaidi kuliko nyuma. Ukichelewa kidogo tu, uzito umeshaondoka, upinde umeshainuka, nta haigusi kitu, na mguu unachomoka kurudi nyuma bila faida. Hatua ile imekula nguvu na haikuzaa mwendo. Na mkimbiaji akihisi anateleza, silika yake ni kuongeza bidii, yaani kusukuma kwa nguvu zaidi na kwa kuchelewa zaidi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote: kile kilichomfanya awe hodari ndicho kinachomwangusha, naye anatakiwa akisahau kwanza.

Kuna la pili. Mwanaskii anasimama kwa mguu mmoja juu ya kitu kinachokwenda, na anakaa hapo, ametulia, akiuacha mtelezo wa hatua umalizike. Mkimbiaji hana desturi hiyo. Kwake mguu ukitua ni wa kuondoka. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo wasomaji wangu wamemwona mtoto anayejifunza: anakanyaga pedali bila kupumzika, usukani unayumba, haamini kwamba baiskeli itakwenda yenyewe akitulia. Mgeni wa skii yuko vivyo hivyo. Anaharakisha kuuweka mguu wa pili, hatua zinakuwa fupi na nyingi, na mwisho wake anatembea na mbao miguuni. Ukigawanya muda wa Nagano, Dæhlie alitumia kama dakika 2 na sekunde 44 kwa kilomita, na Boit dakika 4 na sekunde 44. Dakika mbili kwa kila kilomita, kutokana na hatua zilizokatishwa na nta isiyouma.

Mikono nayo ina kazi yake. Fimbo mbili zile zinasukuma kwa mgongo, tumbo na mabega, na mkimbiaji wa mita 800 hajengi kifua cha namna hiyo. Hilo ni la mazoezi tu, linakuja.

Nta ndiyo elimu yenyewe, na hapa mvuvi wa Sahare atafahamu upesi kuliko profesa. Wazee wetu walipaka chombo sifa, yaani mafuta ya samaki, na deheni, kila kimoja kwa kazi yake, na kwa deheni kila mmoja alikuwa na kipimo chake cha shahamu na chokaa. Kwenye skii, theluji kavu ya baridi kali inataka nta ngumu, kwa kuwa chembe zake zina makali. Theluji iliyozeeka, iliyoyeyuka ikaganda tena, inataka dawa inayonata mfano wa urimbo wa kunasia ndege. Mtihani mkubwa ni theluji mpya iliyolowa, joto likiwa pale pale kwenye nyuzi 0. Nta laini ikikutana nayo, inaishika na kutoiachia. Mabonge yanaganda chini ya mguu na skii haiendi mbele wala nyuma. Nta ngumu nayo haishiki kitu. Timu kubwa zina mafundi wanaoamka alfajiri kujaribu jozi baada ya jozi kabla ya kumchagulia mtu wao moja. Nagano siku ile hali ya hewa ilikuwa ya majimaji namna hiyo, na Boit alikuwa na miaka miwili ya ujuzi. Dæhlie mwenyewe aliyajua yote hayo, ndiyo maana alikataa kuondoka pale mwisho wa njia. Alimsubiri Mkenya, akamkumbatia, hata utoaji wa medali ukachelewa. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie.

Hadithi ile imesimuliwa sana, na inastahili. Lakini imefunika mbio nyingine ambazo mimi naona zina mafunzo zaidi kwa anayetaka kujua kazi ilifanyikaje.

Pragelato ni kijiji cha bonde la Chisone, milimani magharibi ya Torino, karibu na mpaka wa Ufaransa, kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Tarehe 17 Februari 2006, katika Olimpiki ya Torino, zilifanyika hapo mbio za kilomita 15 kwa mtindo wa kale, ule ule wa ngozi ya papa. Boit alikuwa mwanamichezo pekee wa Kenya katika michezo ile, mbeba bendera na timu nzima. Alikuwa na miaka 34. Waanzaji walitoka mmoja mmoja, sekunde 30 kati yao, kwa hiyo hakuna kundi la kujificha nyuma yake. Kila mtu yuko na njia yake na kosa lake. Andrus Veerpalu wa Estonia alishinda kwa dakika 38 na sekunde 1.3. Katika mbio hizo hizo alikuwamo Robel Teklemariam, Mhabeshi wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Boit alimaliza kilomita zote 15, na safari hii hakuwa wa mwisho.

Kutokuwa wa mwisho si jambo dogo kwa mtu aliyeanza akiwa na miaka 24. Mchezo huu humwadhibu mwanafunzi mzee kwenye mteremko kuliko kwenye mpando. Kupanda, mkimbiaji anajimudu: anaipanua miguu na kukanyaga kama miiba ya samaki kwenye uti wake, moyo na mapafu vinafanya kazi iliyozoeleka. Kushuka, kisigino hakikufungwa kwenye skii, mbao ni nyembamba, na kona inakuja. Hapo pumzi haisaidii kitu. Inahitajika miguu iliyokwisha kuanguka mara nyingi mpaka ikaacha kuogopa, na miaka minane kati ya Nagano na Pragelato ilikuwa miaka ya kuanguka na kuinuka.

Skii za mteremko ni elimu nyingine kabisa, na naigusa kwa kuwa ina mtu wa pwani yetu. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akapelekwa Austria akiwa na miaka mitatu, na baba yake wa kambo akamfundisha skii. Mwaka 2018, Pyeongchang, alishiriki mbio za mteremko kwa bendera ya Kenya. Huku kisigino kimefungwa, na siri iko kwenye ukingo wa chuma: ukiilaza skii ubavu, ukingo unakata theluji na kuzuia chombo kisisukumwe kando, kama mkuku wa jahazi. Wa ubao mmoja, yaani snoubodi, anasimama kimshazari na kushuka akibadili ukingo wa vidole na wa visigino, mfano wa nahodha anayebisha. Kwamba elimu hizi mbili ni ndugu ilionekana katika mbio zile zile za mteremko, ziitwazo Super-G, alizokimbia Simader. Mshindi alikuwa Ester Ledecká wa Czech, kwa tofauti ya mia moja ya sekunde, na siku chache baadaye akashinda dhahabu nyingine kwa snoubodi.

Tazama tofauti ya njia. Simader alipewa skii angali mtoto, kabla mwili haujajizoesha jambo lingine. Boit aliletewa theluji baada ya mwili kuapa kiapo cha mbio. Ndiyo maana nikipima ufundi peke yake, bila kutazama nafasi kwenye karatasi, kazi ya Boit naiona ilikuwa ngumu zaidi.

Mpwa wangu aliitazama tena picha ya Nagano, akasimamisha pale mguu wa Boit unapochomoka nyuma, akasema, "Kachelewa." Amechelewa kweli, na kijana ameliona mwenyewe. Namwomba msomaji naye, akitaka kumhukumu Philip Boit kama mwanaskii, asiishie kwenye kumbatio la Nagano. Aitafute Pragelato, 17 Februari 2006, aitazame miguu.