Pongezi kwa Seremala wa Lamu

Miongoni mwa mafundi ambao mji wa Lamu hauna budi kuwashukuru, seremala ndiye nimwekaye mbele, kwani yeye, kwa randa, patasi na keekee, ndiye aliyehifadhi elimu ya kiti cha enzi, kile kiti kirefu cha mpingo chenye nakshi za mfupa au pembe, kilichosukwa kwa uzi, ambacho zamani hakikukaliwa ila na mwenye hadhi. Asubuhi yake huanza kwa mahamri na mbaazi za nazi, akateremshia kahawa chungu. Kisha redio hufunguliwa, na taarabu ya Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, ikamliwaza, ijapokuwa mkono wa patasi, kwa hakika, hufuata nyuzi za mti kuliko mdundo. Raha yake kubwa ni kuuona mvule, ambao usipokaushwa barabara hupinda na kupasuka, ukishikana ulimi kwa tundu pasipo msumari hata mmoja. Basi ewe utakaye kitanda au kabati, kabla hujaridhia mbao za kubandikwa zitokazo ng'ambo, pita kwanza karakanani kwake, wala usimpunje katika bei.