Mtihani wa mawakili: Mlimani, Sinza na mtu wa Makurunge

Kabla ya 2008, aliyetaka kuwa wakili Tanzania Bara hakuhitaji dawati. Alimaliza shahada, akapitia mafunzo ya kazi ofisini, kisha akaitwa kwenye usaili wa Baraza la Elimu ya Sheria, chombo kilichoundwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Jopo lilikaa upande mmoja wa meza na mtahiniwa upande wa pili, na maswali yakamiminika. Kwa mtihani wa namna hiyo, mahali pa kuufanyia si suala: chumba chochote chenye meza ndefu na viti sita kinatosha.

Suala lilianza pale mafunzo ya uwakili yalipogeuzwa kuwa shule. Kikosi kazi cha Mark Bomani kilichochunguza sekta ya sheria miaka ya 1990 kilikwishaona kwamba mhitimu wa chuo kikuu anajua nadharia kuliko anavyojua kuandika hati ya madai. Sheria Namba 18 ya 2007 ikaanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo mtaani hakuna anayeiita jina lote hilo. Ni Law School tu. Mwaka uliofuata ilipokea wanafunzi wa kwanza. Jengo haikuwa nalo, ikabisha hodi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani.

Kwa nini Mlimani? Jibu jepesi ni kwamba ndipo penye kumbi. Jibu hilo halinitoshi. Sheria ndiyo kozi ya kwanza kabisa kufundishwa na chuo hicho, Oktoba 1961, kikiwa bado mtaa wa Lumumba na wanafunzi darzeni moja na ushei, kabla ya kupanda kilimani 1964. Mkuu wa kitivo chake alikuwa na kiti ndani ya Baraza la Elimu ya Sheria lenyewe. Maktaba yake ina ripoti za kesi ambazo huzipati kwingine kirahisi. Na Mahakama Kuu iko mjini, kwa hiyo jaji anayekuja kufundisha uandishi wa hukumu anaweza kusikiliza shauri asubuhi na kuingia darasani jioni. Waliochagua Mlimani walichagua watu na vitabu, kumbi zikafuata nyuma.

Nazo kumbi zenyewe, ukizikagua kwa jicho la msimamizi wa mitihani, zina kasoro zake. Ukumbi wa mihadhara wa vyuo vikuu vingi hupanda kama ngazi ili wa nyuma amwone mhadhiri, na mpando huohuo humwonyesha wa nyuma karatasi ya aliye mbele yake. Hapo dawa ni kuruka mstari na kuacha viti viwili vitupu kila upande, na ukumbi wa watu mia tatu unabaki na watahiniwa hamsini hivi. Ukumbi wa sakafu bapa ndio mzuri, mathalani Nkrumah, huo uliochorwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500. Lakini ukumbi wa namna hiyo hugombaniwa na kila kongamano na kila mgeni wa taifa, na ratiba ya mtihani haiwezi kusubiri mgeni aondoke. Halafu mtahiniwa wa sheria habebi kalamu peke yake. Mtihani ukiruhusu vitabu vya sheria, lazima kila kitabu kifunuliwe mlangoni kuona kama hakuna maelezo ya penseli pembezoni. Msimamizi mmoja akitumia dakika moja kwa kila mtu, foleni ya watu sitini imekula saa nzima. Mlango mmoja hautoshi, na kumbi zetu nyingi zinapenda kufunguliwa mlango mmoja.

Baadaye taasisi ikapata majengo yake Sinza, kando ya barabara ya Sam Nujoma, hatua chache kutoka kituo cha mabasi cha Simu 2000. Adha ya kuazima ikaisha. Kilichobaki bila kuguswa ni dhana ya mwanzo, kwamba penye darasa ndipo penye mtihani.

Sasa mchukue mtahiniwa wa Makurunge. Kijiji hiki kiko kwenye barabara ya Bagamoyo hadi Msata. Mtihani ukianza saa 3 asubuhi Sinza, huyu anadaka bodaboda gizani hadi stendi ya Bagamoyo, anapanda daladala ya Makumbusho, anaomba foleni ya Tegeta na Mwenge isimshike, halafu aunganishe tena. Ni makumi ya kilomita kutoka Bagamoyo peke yake. Hakuna mwenye akili anayejaribu safari hiyo siku ya mtihani; anapanga chumba Sinza au anakwenda kumsumbua shangazi. Na huyu ni wa jirani. Wa Kigoma au Songea sijamtaja.

Je, mtihani uletwe huku? Makurunge kwenyewe, hapana, na nasema hivyo nikiwa na mapenzi na ukanda huu. Hakuna chuo kikuu, na masika Ruvu ikijaa ratiba itaandikwa na mto. Mjini Bagamoyo kuna ADEM inayofunza viongozi wa elimu, kuna TaSUBa ya wasanii. Mtu wa haraka atauonyesha ukumbi wa maonyesho wa TaSUBa kwa ukubwa wake, lakini ukumbi wa ngoma umejengwa ili kila mtu amwone mwenzake, na mtihani unataka kinyume chake. Hata Chuo Kikuu cha Bagamoyo, kilichoanzishwa na wanasheria na kubeba jina la mji, kilifundishia sheria Mikocheni, Dar es Salaam. Nguvu ileile iliyoipeleka Law School Mlimani.

Majirani wameikabili kazi hii ya kuwatahini mawakili kwa njia mbili tofauti. Uganda waliigawa shule: Law Development Centre, iliyoanza 1970 kwenye kilima cha Makerere, ikafungua kampasi Mbarara, kisha Lira. Ni njia ghali, kwa sababu kila kampasi inadai wakufunzi wake. Kenya walimtenganisha mtahini na mwalimu: Kenya School of Law inafundisha na kutoa alama 40 za mradi na mtihani wa mdomo, wakati Baraza la Elimu ya Sheria la huko linatunga na kusimamia mtihani wa maandishi wenye alama 60. Mtahini asiye na darasa lake hana sababu ya kulazimisha karatasi ifanyiwe darasani kwa mwalimu. Kwangu hii ya pili ndiyo yenye faida kwetu, hata tusipoiiga yote.

Maana ujuzi wa kusambaza karatasi tunao. Baraza la Mitihani hupeleka mtihani wa kidato cha nne hadi visiwani, bahasha zikilala chini ya ulinzi wa polisi hadi asubuhi ya siku yake. Bodi ya wahasibu, NBAA, yenye kituo chake pale Bunju kwenye barabara hii hii ya Bagamoyo, hutahini katika vituo vya mikoa kadhaa, na sijasikia mtu akisema CPA ya aliyefanyia Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kinachotakiwa kwa kila kituo ni sakafu bapa, chumba chenye kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti, jenereta iliyojaribiwa wiki hiyo na wala si mwaka jana, na msimamizi asiyefundisha hapo. Vyuo vikuu vilivyoko Mzumbe, Iringa na Mwanza vinafundisha sheria na vina kumbi.

Pa kuanzia panaonekana kwenye matokeo ya Law School yaliyozua kelele mwaka 2022, hadi ikaundwa kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26; waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342. Kuwaketisha wote 633, kila mmoja na eneo la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, kunahitaji zaidi ya mita za mraba 1,400 za sakafu. Lakini hao 342 walikwishamaliza darasa, walikwishakaa na majaji na mawakili, na wengi walikwisharudi makwao. Walichobakiza ni karatasi mbili tatu za kujibu. Kwa kundi hilo kituo cha Mwanza kingeweza kufunguliwa muhula mmoja tu wa marudio, kikapimwa, na kama bahasha zimerudi Sinza na lakiri yake, cha Mbeya kingefuata.