Ufundi wa Asiyepewa Nafasi

Katika masumbwi watu husifu ujasiri kwa sababu ndio unaoonekana. Bondia mdogo akisimama hadi raundi ya 15 mbele ya Muhammad Ali, tunasema ana roho ngumu na tunaishia hapo, utadhani roho ndiyo inayokinga ngumi. Roho haikingi kitu. Kinachokinga ni mikono iliyofundwa.

Ndiyo maana naipenda The Real Rocky ya Jeff Feuerzeig, filamu ya maisha halisi iliyotoka mwaka 2011. Inamfuata Chuck Wepner wa Bayonne, New Jersey, muuza pombe aliyepigana huku akiendelea na kazi yake, na ambaye uso wake ulichanika upesi hata akabandikwa jina la mtokwa damu. Tarehe 24 Machi 1975, kule Ohio, alipandishwa ulingoni kupambana na Ali, bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Wachache walimtegemea amalize hata nusu ya pambano.

Raundi ya tisa, Ali alikwenda chini. Ali mwenyewe alidai alikanyagwa mguu, na ubishi huo haujaisha. Lakini tazama ngumi yenyewe: mkono wa kulia, kifuani. Kichwa cha Ali kilikuwa hakishikiki. Ukikirushia ngumi, kimeshaegemea nyuma, umepiga hewa. Kiwiliwili hakina mbio hizo. Anayelijua hilo, akalikumbuka huku damu inamwingia machoni, huyo ni fundi. Mwamuzi alisimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde 19 tu.

Mwigizaji Sylvester Stallone alilitazama pambano hilo, na mwaka 1976 ikatoka filamu yake ya ndondi, Rocky, iliyotwaa Oscar ya filamu bora. Wepner alimfungulia Stallone kesi mwaka 2003. Walimalizana mwaka 2006. Hesabu ya fedha ikafungwa. Hesabu ya ufundi ndiyo ninayoidai mimi, kwa kuwa Rocky ilichukua moyo wa Wepner na kumwachia mikono yake.

Deni hilo tunalo hata sisi. Tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimpiga Sam Eggington mjini Birmingham, Uingereza, nyumbani kwa mwenzake, kwa TKO raundi ya pili. Tulishangilia kwa neno moja: maajabu. Neno hilo linamheshimu nani? Muujiza hauna kocha, hauna mazoezi ya alfajiri, hauna mtu aliyejifunza kuona mwanya na kuuingia kabla haujazibwa.

Huku Mbebe, wilayani Ileje, hatumsifu mtu kwa kulima mteremko kwa nguvu. Mwenye nguvu tupu saa nne ameshachoka. Tunamsifu anayejua kupangilia pumzi na jembe hadi shamba liishe. Bondia asiyepewa nafasi anastahili jicho hilohilo.

Kwa hiyo, vijana wetu wakimaliza kuitazama Rocky, wawekewe na ya Wepner. Ya kwanza itawatia hamu ya kukimbia milimani, na hamu si kitu kibaya. Ya pili itawaonyesha kwamba anayepangwa ili apigwe naye amesomea kazi yake, na kwamba kushindwa hakumwondolei mtu ufundi wake.