Ukaguzi wa Gesi Huanzia Sakafuni

Anayekabidhiwa jiko lililotandazwa mabomba ya gesi, iwe ni nyumbani Manyatta kaunti ya Embu au hotelini Makutano mjini Meru, aghalabu huwasha meko kwanza. Moto ukitoka wa buluu na kutulia, fundi hulipwa akaenda zake. Moto wa buluu ni jambo jema, ila unathibitisha tu kwamba gesi imefika na imechanganyika vyema na hewa. Ubora wa kazi hupimwa kwa swali jingine: siku gesi itakapovuja, itaelekea wapi? Mpira utazeeka, kiungo kitalegea, mtu atasahau kufunga vali. Fundi stadi huwa ameiwazia siku hiyo tangu alipopiga tundu la kwanza ukutani, na mtu asiyejua lolote kuhusu mabomba anaweza kuona kama aliiwazia au la.

Gesi ya mtungi ni propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, butani kwa mara mbili, hivyo ikivuja haipandi. Hutambaa sakafuni na kufuata mteremko kama maji. Huweza kulipuka ikifika asilimia 2 hivi ya hewa iliyomo. Chukua jiko la mita 3 kwa 2, lenye kimo cha mita 2.4: asilimia 2 ya hewa yake ni lita 288. Lita moja ya gesi iliyo majimaji hutoa takriban lita 250 za mvuke, kwa hiyo nusu kilo na ushee yatosha kukifanya chumba kizima kiwe hatari, na mtungi wa kawaida una kilo 13. Sasa inua macho utazame matundu ya hewa ya majiko yetu mengi: yako juu ya dirisha. Huo ni urithi wa jiko la kuni, kwa kuwa moshi hupanda, na kwa moshi ulikuwa uamuzi wa busara. Gesi huyapita chini kwa chini. Tena nyumba nyingi za miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Kianjokoma hadi Nkubu, zina upande uliokaa chini zaidi, na huko ndiko huwekwa stoo au hupita mtaro wa maji machafu. Gesi itakusanyika huko, mbali na pua ya mpishi.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie nje. Mitungi isimame wima juu ya zege iliyosawazishwa, nyuma ya ukuta, ndani ya kizimba cha wavu kilicho wazi chini, mbali na mtaro, shimo la choo na mlango wowote ulio upande wa chini. Regulata ifungwe ukutani juu zaidi ya vali ya mtungi, ili matone yakijikusanya yarudi mtungini badala ya kuingia bombani. Kinachopenya ukuta kiwe bomba la shaba lililovikwa bomba jingine pana, kamwe kisiwe mpira. Mpira ni wa kipande kifupi cha mwisho, wenye tarehe inayosomeka na klipu za chuma kila upande. Ukikuta umefungwa kwa waya au ukanda wa tyubu ya baiskeli, usiendelee kukagua. Ndani, vali ya kufungia iwe mahali mkono unapofika bila kupita juu ya moto, na tundu la hewa liwe karibu na sakafu, likitoa nje palipo wazi.

Wapo watakaosema mtungi wa nje utaibwa. Hofu hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni kizimba chenye kufuli na mnyororo. Kuuingiza mtungi ndani ni kuilinda mali kwa kumweka mwenye mali hatarini. Pingamizi la baridi lina uzito zaidi. Butani huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi sifuri, na asubuhi za Julai kule Timau si za mchezo. Lakini kinachoudhoofisha moto wa hoteli hasa ni gesi yenyewe, ambayo hujipoza inapogeuka mvuke kwa kasi. Ndiyo maana mtungi hutoa jasho la umande wakati githeri na chapati viko motoni pamoja. Dawa yake ni kuunganisha mitungi miwili au mitatu itoe kwa pamoja. Anayeulaza mtungi ubavu hupeleka majimaji kwenye regulata, na anayeupasha kwa makaa anacheza na maisha ya watu. Wengine huitegemea harufu iliyotiwa ili kutuonya. Inasaidia, ila haimwamshi aliyelala, na pua huizoea.

Mfumo mzuri pia unadai mtungi halali. Kanuni za gesi za mwaka 2019 zinakataza kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini yake, na mlipuko wa Embakasi wa Februari 2024, katika kituo kilichokuwa kikijaza gesi bila kibali, ulionyesha kwa nini. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye shingo yake. Ongeza 13, kisha upime. Ukipungua umeibiwa, ukizidi nafasi ya gesi kutanuka imeliwa.

Gharama ya haya yote hulalamikiwa sana, na kipimo cha mwisho ndicho hurukwa kwanza ili kuokoa nusu siku. Kidai kabla ukuta haujapigwa lipu: mabomba yajazwe hewa kwa pampu, yafungwe, na mshale wa geji uachwe huku fundi akifanya kazi nyingine. Ukishuka, kiungo kinachovuja kitafutwe kwa povu la sabuni, kikazwe, na kipimo kianze upya.