Vifaranga vya Maji ya Baridi

Kwenye matumbawe ya Kisite na Watamu yuko samaki mwembamba wa rangi ya buluu, mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye riziki yake ni kuwasafisha wenzake. Samaki wakubwa humjia, hutanua mapezi na kuachama, naye huwadonoa vimelea kimoja kimoja. Wanaofuga samaki wa baharini nyumbani humtia katika tangi la kioo kwa ajili ya kazi hiyo. Huku Gusii, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hakuna matumbawe wala maji ya chumvi, lakini samaki anayefugwa kwa sababu ya kazi yake yupo. Ni kambare, ambaye majirani zetu wa ziwani humwita mumi, na kazi yake ni kupunguza watoto wa tilapia bwawani.

Tilapia huzaa mno. Huanza akiwa bado mdogo, na akishaanza haachi. Bwawa lililowekwa samaki kwa hesabu nzuri hujaa watoto kabla ya mwaka kwisha, chakula hakitoshi, wote hudumaa, na siku ya kuvua mwenye bwawa hupata vidagaa ambavyo haviuziki. Kambare wachache wakitiwa humo huwala watoto hao, na tilapia wakubwa hubaki na nafasi ya kunenepa. Mwaka 2009 serikali ilipoanza kuchimba mabwawa kupitia mpango wa kuchochea uchumi, mabwawa 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300, mabonde ya Kisii na Nyamira yalipata sehemu yake. Mabwawa yalichimbika upesi. Vifaranga vya kuyajaza ndivyo vilivyokuwa kazi.

Kambare ana tabu yake. Porini husubiri mvua kubwa. Mto Kuja ukifurika, yeye hupanda na maji mapya na kutaga usiku kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Bwawani hakuna mafuriko. Jike hukomaa, tumbo hujaa mayai, na mayai hayo hukaa humo humo bila kutagwa. Kwa hiyo anayetaka vifaranga vya kambare hana budi kuchukua nafasi ya mto na mvua. Ufundi huo wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya huufanya katika kituo chao cha Kegati, nje kidogo ya mji wa Kisii, na wakulima kadhaa huufanya nyumbani. Mmoja wao ni mama niliyemtazama akifanya kazi katika bonde moja la Nyamira, chini ya mashamba ya chai.

Chumba chake ni cha mabati, na sehemu ya paa ameitandazia nailoni nzito ili jua lipashe maji. Maji hutoka chemchemi kwa bomba na kuanguka kwenye debe lililotobolewa matundu kabla ya kuingia tangini, maana maji yanayotoka ardhini huwa na hewa kidogo, na yakianguka kwa matone huivuta njiani. Juu ya meza amepanga kinu kidogo cha kauri na mchi wake, bomba la sindano, wembe mpya, kipande cha kitambaa chepesi, mabeseni mawili ya plastiki, taulo, unyoya wa kuku na kipimajoto. Kila kitu kimeoshwa na kukaushwa. Beseni la mayai amelifuta mara mbili kwa kitambaa kikavu, na sababu yake nitaieleza.

Kwanza ni kuchagua jike. Kijana anayemsaidia humshika kambare kichwani kwa taulo bichi, na mama hupitisha kidole gumba tumboni, taratibu, kutoka kifuani kuelekea mkiani. Tumbo la jike aliye tayari huwa la mviringo na laini, na kitundu cha uzazi huvimba na kuwa chekundu. Yakitoka mayai machache, huyatazama kiganjani: yakiwa na rangi ya kijani kibichi kilichochanganyika na kahawia, na yakiwa sawasawa kwa ukubwa, kama milimita moja, jike huyo hutengwa. Mayai yakiwa madogo kwa makubwa, jike hurudishwa bwawani. Siku ile wanne walirudishwa kabla ya kupatikana mmoja, wa gramu 800. Mama hakuonyesha kuchoka nao. Alisema jike asiyekomaa hupigwa sindano ile ile kwa gharama ile ile, na hatoi kitu.

Dawa ya sindano anaitoa kwa kambare mwenyewe. Wapo wanaonunua homoni ya chupa, lakini yeye hutumia tezi ya pituitari ya kambare mwingine aliyekomaa, mwenye uzito usiopungua wa yule jike. Hukata kichwa, huondoa taya la chini, kisha hufungua mfupa wa kaakaa kwa ncha ya kisu, kipande kwa kipande, bila kugandamiza. Tezi iko pale chini ya ubongo, nyeupe yenye wekundu kidogo, haizidi punje ya mchele. Huiinua kwa kibanio na kuitia kinuni. Huisaga mpaka isionekane tena, kisha humimina maji safi yenye chumvi gramu tisa kwa lita, kiasi cha kujaza sehemu ndogo tu ya bomba. Mwili uliobaki huenda jikoni.

Sindano huingia kwenye nyama ya mgongo, nyuma kidogo ya kichwa, ikiwa imelazwa kwa mshazari. Huisukuma polepole, huichomoa, na kupasugua mahali hapo kwa kidole ili dawa isirudi nje. Halafu jike hufunikwa katika tangi lake peke yake, na mama hufanya jambo ambalo kazi nzima inalitegemea: husoma kipimajoto.

Mayai hulegea tumboni kwa muda unaoamriwa na joto la maji. Kwenye nyuzijoto 30 ni saa saba tu. Kwenye 25 ni kumi na moja. Kwenye 20 ni ishirini na moja. Ukikamua mapema, mayai hayatoki. Ukimlazimisha samaki, yanatoka na damu. Ukichelewa, yanaharibikia ndani. Mtu wa Mombasa angeweza kufanya kazi hii kwa kukariri saa, lakini huku usiku wa Nyamira hubadili hesabu. Jioni ile, saa kumi na mbili, maji yalikuwa nyuzijoto 23, ambazo ni saa kumi na tatu na nusu. Mama aliandika kwenye daftari. Saa sita usiku aliamka na tochi akakuta 22, akaandika tena, akasogeza muda mbele saa moja. Saa kumi alfajiri aliamka tena, akasoma, akarudi kulala. Hakumgusa samaki wala kuinua kifuniko zaidi ya upana wa kidole.

Asubuhi kabla ya jike huja zamu ya dume. Mbegu za dume wa kambare hazikamuliki, kwa hiyo huchinjwa. Mama humpasua tumbo, hutoa korodani mbili ndefu nyeupe, huzifuta damu na maji yote, na kuziweka kwenye kitambaa. Kisha humgeukia jike. Kijana hushika kichwa, mama hushika mkia, na wote wawili humfuta samaki kwa taulo mpaka ngozi isiwe na tone. Ndiyo maana beseni lilifutwa mara mbili. Yai la kambare lina kitundu kimoja cha kupitisha mbegu, na likiguswa na maji kitundu hicho hujifunga baada ya muda mfupi. Tone moja lililoanguka kabla ya wakati linaweza kuondoa mamia ya vifaranga.

Saa mbili na nusu asubuhi kidole gumba kilishuka tena tumboni kwa mwendo ule ule wa jana. Safari hii mayai yalitiririka yenyewe, mfululizo, bila damu, yakatandaa chini ya beseni. Mama alikamua, akapumzisha mkono, akakamua, na pale utepe wa mayai ulipoanza kukatika aliacha, ingawa tumboni yalibaki machache. Jike alirudishwa majini. Baada ya wiki kama nane atakuwa tayari tena. Mizani ilionyesha gramu 120. Gramu moja ina mayai kama mia sita au mia saba, kwa hiyo beseni lile dogo lilikuwa na mayai zaidi ya elfu sabini.

Kutoka hapo mikono yake iliharakisha kwa mara ya kwanza. Alizikatakata korodani kwa wembe, akazikamulia juu ya mayai kupitia kitambaa, na kuchanganya kwa unyoya. Kijana akamimina maji safi, kiasi sawa na mayai. Mbegu zikishaguswa na maji huogelea kwa kama dakika moja tu, kisha nguvu zake huisha. Unyoya ulizunguka kwenye beseni bila kukwaruza, ukigeuza mayai ya chini yaje juu, huku mama akihesabu kimoyomoyo. Dakika ilipokwisha alimwaga maji machafu, akasuuza, na papo hapo akaanza kuyatandaza, kwa kuwa mayai yaliyorutubishwa hunata, na ukikawia hugandamana kuwa donge lisilofaa.

Hutandazwa juu ya wavu wenye matundu madogo, uliokazwa kwenye fremu ya mbao na kuzamishwa kidogo chini ya uso wa maji. Mama huyamwaga huku akitembeza beseni ili yai lisikae juu ya yai. Maji hupita chini na juu ya wavu kwa mwendo mdogo. Saa chache baadaye mayai mazuri hubaki na uangavu wake wa kijani, na yaliyokufa hugeuka meupe. Meupe huota kuvu, na kuvu huvuka kwenda kwa mazima. Basi mama huketi kwenye kigoda, mpira mwembamba wa plastiki mkononi, na kuyafyonza moja baada ya jingine. Niliitazama kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Hakuna mbinu ya kuifupisha. Alipofika mwisho wa fremu alianza upya mwanzoni, kwa sababu mengine yalikuwa yamegeuka meupe wakati huo.

Kwa joto lile mayai huanguliwa baada ya saa thelathini na kitu, na daftari lilikuwa limeshaonyesha jioni ya siku ya pili. Vifaranga hupenya matundu ya wavu na kushuka chini, maganda na mayai mabovu hubaki juu, kisha fremu huinuliwa na uchafu wote huondoka nayo. Vifaranga havizidi milimita saba, kila kimoja na kifuko chake cha kiini, na vyote hukimbilia penye giza. Mama hufunika nusu ya tangi kwa ubao ili vikusanyike hapo. Upande wenye mwanga husafishwa bila kuvisumbua. Siku tatu za kwanza havilishwi kitu. Kifuko kikikaribia kwisha, chakula huanza: wadudu wadogo wa majini aliowazalisha kwenye bwawa lililotiwa samadi, waliochujwa kwa kitambaa, mara tano kwa siku, kidogo kidogo, na mabaki hufyonzwa kabla ya mlo unaofuata.

Baada ya wiki mbili hivi vifaranga huanza kupanda juu kuvuta hewa, na hapo hatari hubadilika. Kambare hula kambare. Aliyetangulia kukua humshika mwenzake kwa mkia na kumla mpaka kichwani, kisha hukitema kichwa. Kila asubuhi mama huinama na tochi kutafuta vichwa hivyo chini ya tangi. Akiona viwili vitatu, huo ndio wakati wa kupanga. Vifaranga huchotwa kwa wavu wa mkono na kupitishwa kwenye mabeseni yenye matundu ya ukubwa tofauti, wadogo wakipenya na wakubwa wakibaki, mpaka kila tangi liwe na walio sawa. Baada ya siku chache wengine wametangulia tena, naye hupanga tena. Kati ya mayai yale zaidi ya elfu sabini, watakaofika kuuzwa ni sehemu ndogo, na hesabu hiyo haimshangazi.

Wateja huja na ndoo na mifuko ya nailoni. Nilipokuwepo alikuja mkulima kutoka upande wa Keroka, akiwa na pesa mkononi, akitaka kambare wa kuingiza bwawani siku hiyo hiyo. Mama alimuuliza tilapia wake wana ukubwa gani, naye akamwonyesha kwa vidole viwili. Mama akachota kambare mmoja, akamlaza kiganjani, akamwambia apime mwenyewe. Kambare alikuwa mrefu kuliko tilapia wale, na akiingia sasa angeanza kuwamaliza samaki wenyewe kabla hawajazaa huo uzao anaotakiwa kuupunguza. Mama akamwambia mkulima arudi mwezi ujao, awalishe tilapia wake vizuri, na aje na tilapia mmoja kwenye chupa ili wapime pamoja. Mkulima alirudisha pesa mfukoni. Mama alimrudisha kambare tangini, akaandika jina la mteja kwenye daftari lile lile la nyuzijoto, na kwenda kusoma kipimajoto.